Dawa za Baba Sandukuni

Baba yangu, mwanajeshi mstaafu mwenye ugonjwa wa moyo, alifungia dawa zake katika sanduku la bati, likapakiwa chini ya basi la Arua. Bado tulikuwa stendi, Kampala.

“Sanduku likipotea je?” nilimuuliza.

“Lina kufuli,” alijibu, kana kwamba kufuli huzuia kupotea.

Nilimsihi kondakta alitoe. Abiria wakaguna. “Chuo kikuu kimekufundisha kusumbua watu tu,” Baba alisema, lakini alilifungua, akatia dawa mfukoni mwa shati.

Tulipofika Arua jioni, sanduku halikuwepo. Kumbe kule Kampala, wapagazi waliporudisha mizigo, walilipakia kwenye basi lililoegeshwa kando ya letu. Baba alipapasa mfuko, akameza kidonge chake cha jioni, nami nikashusha pumzi.

“Haya,” akasema, “uliza swali lingine.”