Sauti ya Mzee wa Muleba

Tulipoanza, chaneli yetu ya mtandaoni ilikuwa watu watatu, kamera moja na chumba cha kupanga Bukoba, nyuma ya duka la vitambaa. Tulirekodi chochote tulichoalikwa: mnada, kipaimara, mkulima mwenye la kusema. Siku moja tulikwenda Muleba kumrekodi mzee aliyeokoa kibanja chake, shamba la migomba la nyumbani, kutokana na ugonjwa wa mnyauko. Mkewe alitupikia ndizi kwa maharage.

Miaka ikapita, chaneli nazo zikawa nyingi. Kampuni ya Dar es Salaam ikatununua, ikatuletea studio yenye makochi na taa, pamoja na wadhamini wanaopenda habari za wasanii. Wenzangu wawili waliondoka. Mimi nilibaki, nikapewa cheo cha mhariri. Meneja mpya alinipigia simu akasema video za zamani hazitazamwi, tena zinaharibu sura ya chaneli.

"Zifute," akasema.

Sikumbishia. Nilizifuta mchana mmoja, nyingine bila hata kuzifungua. Kompyuta iliyokuwa na nakala tulikuwa tumeshaiuza.

Mwaka huu mke wa yule mzee alikuja ofisini. Mumewe alikuwa amefariki.

"Waitu mwanangu, nimekuja kuisikia sauti yake," alisema. "Wajukuu wameitafuta kwenye simu hawaioni. Nikawaambia ninyi mliomrekodi mnayo."

Nilimkaribisha kwenye kochi, nikajifanya natafuta kwenye kompyuta huku najua haipo. Mwishowe nikamwambia imefutika.

"Imefutikaje?"

"Mitambo ilibadilishwa, mama."

"Lakini wewe ulikuwepo. Niambie alisemaje."

Nilikumbuka panga lake, na jinsi alivyolipitisha motoni kabla ya kukata mgomba mwingine. Maneno yake sikuyakumbuka hata moja. Nikaona aibu kunyamaza, nikamwambia mzee alimshukuru mke wake, kwamba bila yeye kibanja kisingepona.

Alinitazama bila hasira.

"Hapana," akasema. "Hakuwa mtu wa maneno hayo."

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikamsimamishia bodaboda ya kumpeleka stendi. Alipokuwa akipanda nilitaka kumwambia kwamba mitambo haikufuta kitu, ni mimi. Badala yake nikamwomba awasalimie wajukuu. Akasema watazipata salamu.