Alizeti Zilizompa Baba Mgongo

Harufu ya jani la alizeti lililosuguliwa kiganjani haifanani na harufu ya ua lake, wala na ya mafuta yake. Ni kali, ina utomvu unaonata vidoleni, na hata ukinawa kwa sabuni hubaki chini ya kucha mpaka kesho yake. Nikiipata popote pale narudi kwenye shamba la bibi yangu, kijijini kwetu upande wa Songwa, kwenye ile ardhi nyeusi ya mbuga inayong'ang'ania miguu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Nilikuwa darasa la pili. Mama alikuwa ameshafariki, na baba alikuwa amekata shauri kwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, kama walivyofanya vijana wengi wa kwetu pamba iliposhindwa kuwalisha. Asubuhi aliyoondoka alitukuta mimi na bibi tukipanda alizeti. Akachutama, akadondosha mbegu chache kwenye mashimo, akazifukia kwa mguu. "Hizi zikichanua, Kabula, mimi nitakuwa hapa," akaniambia. Kisha akafunga mfuko wake nyuma ya baiskeli ya jirani na kwenda zake barabarani, nami nikabaki na jembe lililonizidi kimo.

Nilipomuuliza bibi Nyarugusu iko wapi, alinyoosha midomo kuelekea linakozama jua, akaendelea kupanda. Jiografia yangu yote ya mwaka ule ilikuwa hiyo. Bibi hakuwa mkali, ila maneno aliyatumia kama chumvi ya mkopo, na mengi aliyonayo aliwagawia kuku wake. Saa hatukuwa nayo, na hatukuihitaji. Watu wakisalimiana "mwangaluka" ni asubuhi, wakigeuza kuwa "mwadila" jua limeshavuka utosi. Kuku wakianza kujipanga mlangoni mwa banda lao, na vijani vya mkwaju vikianza kufumba kimoja kwa kimoja, bibi alijua ni wakati wa kuwasha moto, akaweka chungu cha michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Viumbe wote pale nyumbani walikuwa na la kufanya mwanga ulipopungua. Mimi peke yangu sikuwa nalo. Watoto wa majirani walirudi machungani kwa makundi, wakigombana na kucheka, nami niliwasikia wakipita nje ya ua wa minyaa bila kuliita jina langu.

Ndipo nilipoanza kwenda shambani jioni. Alizeti zilikuwa zimenifika kifuani, vichwa vyake bado kijani na vimefumbwa, na niligundua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Asubuhi nikienda shule ziliangalia lilikotoka jua. Jioni nikirudi zote zilikuwa zimegeuka, shamba zima, zikiangalia magharibi. Mtu mzima angesema zinafuata jua. Mimi nilisema zinamtazama baba. Nikawa nasimama katikati yake, uso nimeuelekeza kule kule, mpaka jua lizame na nzi wa macho waache kunisumbua. Shuleni walikuwa wameshaanza kunitania kwamba baba yangu amemezwa na duara, yaani lile shimo refu wanaloshukia wachimbaji, na kwamba wachimbaji husahau watoto kama wanavyosahau mchana. Mimi sikuwaamini. Nilikuwa na shamba zima la kunishuhudia.

Zikachanua. Asubuhi moja nilitoka nje nikakuta manjano imefunika ardhi nyeusi, nyuki wameshawahi kuliko mimi. Ilikuwa Jumamosi. Nilioga, nikapaka mafuta, nikavaa gauni langu la Krismasi, nikaketi ukingoni mwa shamba palipo karibu na njia. Jua likapanda, likavuka utosi, likaanza kushuka. Baba hakuja, na alizeti hazikugeuka. Nilidhani zimechelewa tu. Nikangoja. Jioni ikafika zikiwa bado zimeelekea mashariki, zote, zimempa baba yangu na Nyarugusu yake mgongo. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na wiki iliyofuata pia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nikashindwa kula. Niliamini kwamba maua yanajua nisichokijua: kwamba baba amekufa chini ya ardhi, au yu hai lakini harudi, na kwa hiyo hakuna haja ya kuangalia upande ule tena. Jambo hilo sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikilisema litakuwa kweli.

Nikaona dawa ni kuyageuza. Nilichukua kamba ya katani kwenye mzigo wa bibi, nikachomeka mti ardhini, nikachagua alizeti iliyokuwa kubwa kuliko zote, nikaanza kuivuta shingo taratibu kuelekea magharibi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Shingo ile ilikuwa imeshakuwa ngumu kama kuni. Nilivuta, nikakaza fundo, nikavuta tena, ikavunjika kwa mlio mdogo na ua likaniangukia begani. Bibi alinikuta nimelikumbatia. Nilijua nimeharibu mbegu, nikangoja fimbo, lakini alikata ile kamba tu na kuizungusha mkononi.

"Mayu," akasema, kwa maana kwetu hata mtoto wa kike huitwa mama, "ua likishakomaa haligeuzwi."

"Sasa baba atajuaje kwamba tunamngoja?"

Bibi alitazama njia, kisha akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Njia haijahama," akasema. Jioni ile alinipa kipande cha nyama kilichokuwa chake, na usiku nilimsikia akijigeuza geuza kitandani, nikatambua kwamba na yeye alikuwa akimngoja mwanawe.

Baba alirudi vichwa vya alizeti vilipokuwa vimekauka na kuinama, tukivipura kwa fimbo juu ya turubai. Nilimwona mwanamume amevuta kofia mpaka kwenye nyusi akiingia uani, saa ya jua kali. Alimwamkia bibi, akanipita kama anayepita kisiki, akaingia ndani. Nilimfuata, nikasimama mlangoni, nikasema shikamoo. Akaitika marahaba akiwa ameelekea ukutani. Kwa muda ule mfupi niliona afadhali watoto wa shule wangekuwa wamesema kweli, kwa sababu aliyemezwa na duara hakuchagua kutokuja. Kisha akasema, "Mwanga wa huko nje unaniumiza macho. Njoo huku kivulini nikuone." Nikaenda. Macho yake yalikuwa mekundu, yanachuruzika machozi. Alinieleza kwamba walikuwa wakishuka kabla ya jua na kupanda limeshazama, na macho yakizoea giza huufanya mchana kuwa moshi. Alinitazama sana. "Umekua," akasema. Nilitaka kufurahi, ila nililia kwa hasira. Nilikuwa nimekua bila yeye. Msimu uliofuata aliondoka tena, na mingine mingi baada ya huo, akija na kwenda, ila hakuniahidi tena ua wala mvua.

Leo mimi ni mwalimu wa baiolojia, huku Runzewe. Kila mwaka wanafunzi wangu hufunika mche wa maharage kwa boksi lenye tundu moja, na kila mwaka hushangaa kuukuta umejipinda kulifuata tundu. Ninawaeleza kwamba mche hauvutwi na mwanga. Upande wa shina ulio kivulini ndio unaokua zaidi, ukausukuma ule mwingine. Ninawaeleza kwamba alizeti hugeuka zikiwa zinakua, na zikikomaa hutulia zikiangalia mashariki, zipate joto mapema na nyuki waje mapema. Elimu imeniondolea hofu ya mwaka ule, na ninaishukuru. Lakini wakati mwingine naona wivu kwa yule mtoto, ambaye angalau alikuwa na shamba zima la kungoja pamoja naye. Siku hizi nikimngoja mtu naangalia simu, peke yangu.

Baba sasa anaishi nami. Macho yake yameota mtoto wa jicho, na kutwa huketi sebuleni uso ameuelekeza mlangoni, penye mwanga. Nikirudi kazini na kusimama kizingitini haoni ila umbo jeusi, naye huuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea, "Ni Kabula?" Ningeweza kuitika tu na kupita jikoni. Badala yake nauegesha mlango, naketi karibu naye upande wa kivuli, namwacha auchunguze uso wangu kwa kadiri anavyotaka. Jana alinishika kidevu, akasema nimeanza kuzeeka. Kisha akaniuliza kama zile alizeti alizozipanda siku ya kuondoka zilichanua, maana yeye hakuwahi kuziona. Nikamwambia zilichanua vizuri sana, na kwamba moja niliivunja nikijaribu kuigeuzia kwake.