Ita Tena Kama Wewe Ni Mtu

Nikiwa mtoto pale Ndabibi, nilijua sheria moja ya msitu wa Eburru kabla sijajua kusoma: ukiitwa jina mara moja ukiwa kule ndani, usiitike. Ngoja uitwe mara ya pili. Shosho, aliyemzaa mama yetu, alisema kule juu kuna kitu kinachojua majina ya watu lakini hakiwezi kuyarudia. Wanawake waliokwenda kuokota kuni waliitana mara mbili mbili, kama mtu anayegonga mlango. Sikuwa mtoto wa kuamini kila kitu. Nilikuwa mkali, mwingi wa maswali, na kuchapwa hakukunibadilisha. Lakini hiyo moja niliiamini.

Anko Macharia, ndugu mdogo wa mama, aliishi Nakuru mjini na hakupenda kukumbushwa alikotoka. Likizo ya Agosti alikuja na viatu vipya vya kupandia milima, akasema atatutembeza mimi na ndugu yangu mdogo Kariuki kwenye ile njia ya msituni ambayo watu wa mjini huja kutembea.

"Kutembea tu?" Shosho aliuliza. "Bila kurudi hata na kuni?"

"Ni mazoezi, mathe."

"Haya, fanya mazoezi. Lakini ukiwaita hao watoto, waite mara mbili."

"Hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi kule kuna vibao vya kuonyesha njia."

"Na hivyo vibao ukiviita vitaitika?"

Anko alicheka, tukaenda.

Njia haikuwa ngumu. Ilipanda polepole kati ya mitarakwa na mianzi, na hapa na pale mvuke ulitoka ardhini, maana Eburru ina moto chini yake. Wenyeji huukinga mvuke huo kwa mabomba, ukipoa wapate maji. Tulipofika kwenye kibao kimoja Anko akasema, "Kaeni hapa, msisonge. Naenda haja kidogo."

Kariuki, mtoto wa miaka sita, akaona mbega akirukaruka. Akamfuata kabla sijamkamata sweta, nami nikamfuata yeye. Hatukukimbia mbali. Lakini nilipomshika, ukungu ulikuwa umeshuka, na sikuona kibao wala njia.

Ndipo nikasikia jina langu: "Wambui."

Mara moja. Sauti nzito, kama iliyolowa maji, ikitoka upande wa bondeni. Nikangoja. Kimya kirefu, halafu: "Kariuki."

Mara moja pia.

Kariuki alifungua mdomo. Nikauziba kwa kiganja.

"Ni Anko," alinong'ona kati ya vidole vyangu.

"Angekuwa Anko angeita mara mbili. Si aliambiwa?"

Tukachuchumaa. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko sauti yenyewe, kwa sababu kitu kikiita unajua kiliko. Kila tawi lililodondosha maji lilikuwa mguu wa mtu. Meno ya Kariuki yakaanza kugongana, akajikojolea, na midomo yake ikageuka rangi. Nilijua tukizidi kukaa pale baridi itammaliza. Nilijua pia, vile mtoto anavyojua, kwamba tukiitika tutachukuliwa.

Hapo hasira zikanipanda, hasira hizi hizi ambazo mpaka leo hunifukuzisha kazi. Nikasimama, nikaupigia kelele ule ukungu: "Ita tena kama wewe ni mtu!"

Hakuna aliyejibu. Nikafikiri sasa nimekionyesha tulipo.

Kisha, karibu kuliko nilivyodhani, ikaja sauti iliyopasuka: "Wambui, Wambui. Kariuki, Kariuki. Msije. Kaeni hapo hapo, mbele yenu kuna shimo."

Upepo ulipousogeza ukungu tulimwona Anko amepiga magoti ng'ambo ya ufa mpana unaofuka mvuke, nyasi za ukingoni zimeungua. Mguu wake mmoja nusura uingie. Tungeitika mara ya kwanza, tungemkimbilia moja kwa moja.

Alizunguka akitambaa hadi akatufikia, akatukumbatia wote wawili kwa pamoja.

"Kwa nini ulinyamaza?" nikamuuliza.

"Ukungu unaniuliza kama mimi ni mtu," alisema, "ulitaka nijibu nini?"

Nyumbani nilimweleza Shosho yote. Nilitegemea atamcheka Anko. Hata hakumwangalia. Alimvua Kariuki nguo, akamwogesha kwa maji moto, na mikono yake ilitetemeka hadi kikombe cha kuchotea kikamponyoka. Nilidhani ni uzee.

Mwaka jana niliwapeleka wanangu kwenye njia ile. Mimi ni mtu wa kusema mambo yalivyo, hivyo niliwaambia ukweli mtupu: kuna mashimo, yana mvuke, yanaunguza. Wakasema, "Sawa, mum," wakakimbia mbele. Wakanipotea machoni kwenye kona, mikono yangu ikaanza kutetemeka, na nilipowafikia sikurudia habari za mashimo. Niliwaambia kuhusu kile kitu kinachojua majina.

Walitembea njia yote iliyobaki wakiwa wameshika koti langu, mmoja huku na mwingine huku. Kama niliwadanganya, sijui. Najua tu kwamba sikuwaomba waliachilie.