Mke wangu anatabiri washindi wa tuzo za filamu na mwanaume mwingine

Habari zenu nyote mnaofuatilia ukurasa huu. Admin, jina langu naomba lisionekane, huku kwetu Kyela tunajuana sana. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nina mke na watoto watatu, nakaa jirani na Ipinda, nalima kakao na mpunga. Mke wangu ni fundi cherehani, hapa nitamwita Mama Atu. Sijawahi kumfumania na sina ushahidi kwamba ana mtu. Ndiyo maana hata kulisema hili naona aibu.

Mama Atu anapenda filamu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kila mwaka zikitajwa zile zinazowania tuzo kubwa za nje, atazitafuta mpaka azipate, azitazame, halafu aseme ipi itashinda na kwa nini. Alikuwa ananisimulia mimi. Nikirudi shamba ananiambia huku anashona, na mimi namwitikia. Mwaka huu hakunisimulia hata moja. Nilikuja kushtuka nilipoanza kumsikia anacheka peke yake na simu.

Anayemchekesha ni mwenye duka mmoja pale Ipinda, tumwite Salumu, anauza vifaa vya simu na kuwawekea watu filamu kwenye flashi. Ni rika langu, mkewe alifariki, wazee wake walihamia huku kutoka pwani. Ana adabu mpaka inaniudhi. Tukikutana ananiwahi, "Shemeji, habari za shamba," ananiulizia kakao imekaukaje, anawaulizia watoto. Mtu wa namna hiyo utamgombeza kwa lipi?

Wanatumiana sauti kutwa nzima. Nilimwomba mke wangu nizisikilize, akanipa simu bila kusita akaendelea kushona. Nikazisikiliza zote. Hakuna neno la mapenzi hata moja. Kuna filamu ya vita ambayo watu wengi wanasema ndiyo itachukua tuzo, na kuna nyingine ya mume na mke wanaooka mikate, hawasemeshani. Mama Atu anasema ya vita ina kelele nyingi ila ukishaitazama haikuachii kitu, na kwamba yule mama wa mikate, anayeishi na mume asiyejali, akikosa tuzo ya mwigizaji bora basi wanaochagua hawana macho. Salumu anamjibu taratibu, "Hapo umenifungua macho, mimi sikuliona hilo." Basi ni hayo tu. Lakini bora ningekuta ameandikiwa "nakupenda", ningejua pa kuanzia. Sauti ya mke wangu kwenye zile sauti ilikuwa ya msichana niliyemposa kule Ngana, mwepesi wa kucheka, anayeona kila kitu. Sikujua kama ile sauti bado ipo.

Nikaamua na mimi niitazame ile filamu ya mikate. Siku moja Mama Atu alikuwa kwenye msiba wa jirani, nikaitazama mchana mpaka mwisho. Jioni yake nikamwambia, "Yule mume mnamwonea. Kila mke wake akiingia, anasogeza kiti chake ili mwenzake akae karibu na moto. Hasemi, lakini kila mara anasogea."

Mke wangu akasimamisha cherehani. "Baba Atu, hilo umeliona wewe?" Nikamwambia ndiyo. Akatabasamu, na mimi moyo wangu ukaruka, nikajua sasa tutaongea. Akasema, "Ngoja nimwambie Salumu." Akachukua simu akamrekodia pale pale mbele yangu, amefurahi kabisa. Baadaye Salumu akaandika kwamba shemeji amepatia, nipewe ndaga nyingi, yaani asante kwa Kinyakyusa chetu. Mke wangu akanisomea kama zawadi. Nilitoka nikaenda kugeuza kakao ambayo nilikuwa nimeshaigeuza.

Wiki iliyofuata redio moja ya hapa wilayani ikawaalika wote wawili waende kutoa utabiri wao. Salumu alikuja nyumbani mwenyewe kuniomba ruhusa, akakaa, akanywa chai, akaeleza vizuri. Nikakubali. Wakaenda na pikipiki mbili tofauti, hata hilo alilifikiria.

Nilisikilizia shambani. Mtangazaji alipouliza kwa nini wanaipa ushindi ile ya mikate, Mama Atu akaeleza habari ya kiti, vile vile nilivyomwambia, na akaieleza vizuri kuliko mimi. Mtangazaji akamsifu, akamuuliza aligunduaje hilo. Nikasogeza redio karibu na sikio. Mke wangu akasema, "Kuna mtu mmoja alinionyesha." Halafu Salumu akacheka kidogo, wakaendelea.

Mtu mmoja. Hakusema mume wangu.

Aliporudi aliniuliza nimeonaje, nikamwambia umeongea vizuri. Akafurahi. Sasa redio inawataka tena baada ya washindi kutangazwa, na huku Ipinda watu wameshaanza kuwaita "wataalamu wetu wawili", kana kwamba ni kitu kimoja. Nikimkatalia, nitamnyang'anya kitu alichokipenda tangu sijamjua, na kosa lake sitaweza kulitaja. Nikinyamaza, nitaendelea kumsikiliza mke wangu redioni kama msikilizaji mwingine yeyote.

Tuzo bado hazijatolewa. Ndugu zangu, nimefikia hatua ya kuomba Mungu kimya kimya ile filamu ya vita ishinde, ili waonekane wamekosea, watu wawasahau. Naomba hivyo huku moyoni najua kabisa ile ya mikate ndiyo bora, na ninaipenda. Nishaurini mlio kwenye ndoa, na nyie kina mama pia, nifanye nini?