Boom, Neno la Darasani Kasenga

Vita vya waasi vilikuwa vimeondoka Uvira, lakini woga ulibaki. Upepo wa ziwani ukibamiza mlango, mama aliacha sufuria na kulala chini. Dada yangu mkubwa hakushtuka. Kombora lilimwangukia karibu akianika samaki wadogo wa ndagala ufukweni, na tangu siku ile hakusikia tena.

Ndipo akaja kwenye masomo yetu, shule ya mtaa wa Kasenga, mwalimu wa Kiingereza, kijana mgeni mwenye Kiswahili cha kuungaunga. Akaandika ubaoni: boom. Akasema ni neno linaloiga mlio, kama mzinga ukilia au radi ikipiga. Tena biashara ikistawi ghafla, nayo huitwa hivyo.

"Sasa wote, kwa nguvu!"

Darasa likapaza sauti: "Boom!" Yeye akapiga meza ngumi.

Jirani yangu wa dawati, msichana aliyetoka Rurambo, kule mlimani, baada ya ng'ombe wa baba yake kuuawa na nyumba yao kuchomwa moto, akajitupa chini, ameziba masikio. Mkojo ulimtoka. Mwalimu akacheka.

"Tena!"

Nikasimama. "Mwalimu, wacha! Hauone huyu mutoto iko analia?"

"Kaa. Ni neno tu."

"Ile kitu iliua masikio ya dada yangu. Minye siisemi!"

Akanifukuza. Nilimshika mwenzangu mkono, nikamfunga sweta yangu kiunoni, tukatoka wote wawili.

Kesho yake mama alifika shuleni, na mikono bado inanuka samaki. Mwalimu akamfungulia kamusi nene.

"Mama, asili yake haina ubaya. Zamani lilikuwa mvumo wa nyuki, na mlio wa ndege wa mabwawani. Mizinga ya vita ilikuja nyuma."

"Basi weye ungeenda kufundisha nyuki," mama akamjibu.

Mwalimu aliomba radhi kwa mama. Kwa yule msichana hakuomba. Wavulana wakamgeuzia neno lile kuwa jina. Akipita uwanjani walimpigia kelele kwa pamoja, "Boom!", na hakuna mkubwa aliyewakemea. Haikuchukua muda, mjomba wake akaja kumrudisha mlimani. Masomo yake yakaishia hapo, naye ndiye aliyekuwa akinisaidia hesabu.

Minye nilibaki masomoni kwa sababu mama alitaka. Nilifaulu Kiingereza kila mwaka, na mwalimu alinisifu mbele ya wenzangu. Sikumwamkia hata siku moja.