Ile Alama Kwenye Kijitabu cha Baba

Siku hizi nikiona alama ya & natamani kutema mate. Hapa Nakuru imejaa kwenye kila ukuta: kinyozi & butiki, nyama choma & kuosha magari, kanisa & nasari. Mabango mengi ya aina hiyo nimeyatengeneza mimi mwenyewe, maana nina duka la kuchapa na kuprinti karibu na soko. Wateja wanaipenda kwa mkia wake uliojikunja. Wanasema inaleta hadhi. Hadhi gani, sijui.

Chuki yangu ilianza baba alipofariki kule Elburgon. Baba alikuwa na wake wawili. Sisi wa nyumba ya kwanza tuko wanne, tumetawanyika Nakuru, Lanet na Nairobi. Nyumba ya pili ina watoto watatu, na kifungua mimba wao, dada ninayemzidi miaka kumi, ndiye aliyemuuguza mzee miaka miwili. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka yake kwa maji yaliyokuwa baridi kama barafu. Sisi tulikuja na mkate, tukapiga picha, tukarudi.

Kwetu kijitabu cha mazishi si karatasi tu. Watu hukihifadhi kabatini, na siku ya kugawa shamba, chifu akiuliza watoto wa marehemu ni nani, hicho ndicho kinachotolewa kwanza. Kaka yangu mkubwa alilijua hilo vizuri sana. Alikuja dukani akasimama nyuma ya kiti changu.

"Weka majina zetu wote wanne," akaniambia. "Alafu weka ile alama ya and, uandike 'others'."

"Na wale watatu?"

"Si ndio hao others? Space ni kidogo. Usiniletee story."

Uongo mtupu. Nafasi ilikuwa tele, nami niliiona kwenye skrini kwa macho yangu. Lakini niliogopa hasira zake, na haki ya Mungu, niliwaza pia kipande changu cha shamba. Nikaandika. Tena nikaipamba ile alama: nikaikuza, nikaitia rangi ya dhahabu. 

Siku ya mazishi emsii aliwaita watoto waje kuweka maua kaburini, akisoma kijitabuni jina baada ya jina. Tukapita sisi wanne. Dada yetu alikuwa amesimama kando na wadogo zake wawili, ua mkononi, amevaa sweta ya baba.

"And others," emsii akasoma, akafunga kijitabu, akaita kwaya.

Wale watatu walitazamana, wakabaki pale pale. Kaka yangu alitoa miwani akaipangusa polepole, uso umetulia kabisa, kama mtu aliyemaliza kazi nzuri. Nilimchukia siku hiyo na mpaka leo sijaacha. Lakini yeye alisema tu. Aliyeandika ni mimi.

Baadaye, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, dada alinijia na kijitabu alichokikunja kwenye ukurasa ule ule. Nilijitayarisha kutukanwa. Ningefurahi kutukanwa.

"Sister, hii ni wewe ulitengeneza?"

"Ni mimi."

Akaweka kidole chini ya ule mstari wa watoto, mahali palipobaki peupe, ambapo nilikuwa nimepanga nyota tatu za dhahabu ili ukurasa usionekane mtupu.

"Na hizi tatu ni za nini?"

"Ni za kujaza nafasi," nikasema.