Aya ya Chemchemi

Mtaa mzima hapakuwa na mtu mwepesi wa mkono kwenye cherehani kama Mama Pindo, mpaka mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alipoanguka kutoka juu ya paa akafariki. Tangu hapo kila akikanyaga pedali moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, mshono ukaenda kombo. Daktari alimpima, akakuta moyo mzima. "Ni huzuni hiyo, mama," akasema. Wateja nao, ambao huzuni ya mwenzao haiwavishi nguo, wakaanza kuhamia kwa fundi mwingine.

Dawa yake aliijua: kusoma Sura ya Rahmani kwa sauti huku akishona, kama zamani. Pumzi ikishaifuata aya, moyo nao hushuka. Shida ni kwamba sura hiyo ina bustani mbili, halafu mbili nyingine, na kote kuna chemchemi mbili. Za mwanzo zinapita, za baadaye zinafoka. Tangu utotoni Mama Pindo akifika kwenye zinazofoka husoma zinazopita, na papo hapo hujikuta amerudi bustani za mwanzo. Mumewe ndiye aliyekuwa akimrekebisha, hata akiwa bafuni na povu la mswaki mdomoni. Sasa alizunguka humo bustanini peke yake, akikumbuka kwa nini hakuna wa kumtoa, na moyo ukaanza upya mbio zake.

Jikoni alikuwepo wifi yake, dada wa marehemu. Waliishi nyumba moja bila kusemezana, maana msibani wifi alimpasulia mbele za watu: "Ulimwachaje kaka yangu aende kazini na homa?" Swali hilo Mama Pindo alikuwa akijiuliza mwenyewe kila siku.

Asubuhi moja Mama Pindo alikuwa anazunguka bustanini mwa sura kama kawaida yake. Wifi alijikaza alivyoweza, lakini aliyefundishwa chuo cha Kurani akisikia aya inakosewa, ulimi humwasha. Sauti kali ikatoka jikoni, ikaisoma aya yenyewe, ile ya chemchemi zinazofoka. Kisha ikaongeza: "Chai imechemka mpaka imekauka, wewe uko palepale! Songa mbele, wifi!"

Mama Pindo akaipokea aya, akasonga, akafika mwisho wa sura. Alipotazama kitambaa, mshono ulikuwa umenyooka.

Kesho yake alifika mahali pale akiwa na aya sahihi ulimini. Akaizuia, amwachie wifi. Cherehani ikasimama. Wifi akaianza aya, lakini katikati sauti ikamkatika akaangua kilio, kwani kaka alikuwa naye mmoja tu.

Mama Pindo akaimalizia kwa ajili yake, polepole, bila kukosea.